Nyota Mlafi na Karatasi ya Fundi Saa

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na huyo mtoto wenu asiyelala. Mimi sijambo, ila kiwiko na kifundo cha mkono. Baba yako alipita Jumapili, akala, akasinzia kwenye kiti changu, akaamka akaniambia nimenenepa, akaenda zake. Kwa hiyo kaka yangu naye ni mzima.

Najua utasema ningepiga simu. Simu siitaki. Nimepiga chapa mahakamani mpaka nikastaafu, na nimeona watu wengi wakikana maneno yao kuliko unavyoweza kufikiria. Jambo lisiloandikwa halikusemwa.

Sasa sikiliza. Nimeandika mchezo wa kuigiza. Kama umecheka, maliza kwanza ndipo uendelee kusoma. Unaitwa "Mpangaji". Mpangaji anakuja kukaa siku moja katika nyumba ya watu, halafu haondoki, halafu mwishoni anaondoka. Mpangaji ni fundi saa wa mtaa wetu, yule mwenye kibanda mkabala na posta. Mama mwenye nyumba ni mama wa saluni. Jirani ni mwalimu wa hesabu mstaafu, ambaye kusema maneno matatu mfululizo kwake ni hotuba. Tutacheza mwezi wa sita katika ukumbi wa shule ya jioni, na tangazo limeshabandikwa, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna.

Taabu ni hii. Unajua nilivyozoea kazini: alichosema mtu nakitia ndani ya alama za usemi. Nilichokiona kwa macho yangu, kwamba shahidi anajikuna au wakili amepitiwa na usingizi, nakiandika nje ya alama. Mkono umezoea hivyo na sasa hauwezi kuandika vingine. Mchezo wote nimeuandika vile vile. Kila mtu akianza zamu yake naweka jina lake mwanzo wa mstari, halafu kauli yake ndani ya alama, halafu ninachokiona mimi, halafu kauli nyingine, mpaka zamu yake iishe.

Nataka kila mwigizaji apate karatasi yenye kauli zake tu, zile za ndani ya alama. Daktari amenikataza kupiga chapa zaidi ya nusu saa, na wewe umesomea hayo makompyuta kwa jasho la ukoo mzima. Flashi yenye mchezo wote iko ndani ya soksi ili isivunjike njiani. Soksi nirudishie.

Vya nje ya alama ni vyangu mimi. Asivione mtu. Narudia: mtu yeyote.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mtoto ameota jino la tatu na anataka kila mtu alihisi kwa kidole. Mama mkwe amekuja kututembelea kwa wiki moja, ameleta masanduku mawili. Mke wangu anakusalimu na anasema kiwiko ukandwe kwa maji ya moto.

Kazi yako nimeimaliza. Ilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu. Ofisini tunatumia lugha moja ya kompyuta yenye jina la chatu, na ndani yake kuna kitu kinaitwa ruwaza. Ukitaka nikueleze kama binadamu, ni mtego. Unaelezea umbo la kitu unachokiwinda, unautega, na maandishi yakipita kinanaswa. Mtego wako wewe ni huu:

".*"

Alama ya mwanzo ni mlango wa kuingilia na ya mwisho ni mlango wa kutokea. Nukta maana yake ni herufi yoyote ile, na nyota maana yake hata ziwe ngapi. Yaani: nikamatie chochote kilichokaa kati ya alama mbili. Nimepanga pia kila kauli iende kwenye karatasi ya mwenyewe kwa kusoma jina lililo mwanzo wa mstari.

Sikukurupuka. Nilijaribu kwanza kwa zamu zote za mwalimu, nikazisoma moja moja. Zilitoka safi. "Hodi." "Ndiyo." "Amekwenda." Nilipoona mwalimu yuko sawa, nikachapisha za watu wote kwenye mashine ya ofisini, bosi akiwa amekwenda kula. Bosi tunamwita Bwana Haraka kwa sababu hana, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha.

Vya nje ya alama sikuvisoma. Programu ndiyo iliyosoma, mimi nilikuwa nakunywa chai.

Soksi imo ndani ya kifurushi.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu,

Wazima? Mimi mzima wa mwili. Soksi nimeipata. Mwambie mkeo maji ya moto yamesaidia.

Nitakueleza yaliyotokea kwa utaratibu, kama ilivyo katika kumbukumbu za mahakama, ili usije ukasema nimetia chumvi.

Waigizaji walifika. Niligawa karatasi bila kuzisoma, maana nilikuamini. Nikawaambia: kila mtu asome alichoandikiwa, asiruke hata mkato. Mama wa saluni akasimama, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti yake yote: "Karibu mgeni. Hapa asipandishe sauti, akiipandisha anafanana na mtu anayeita kuku. Chumba kiko huku." Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa zamu, kwa utii, kisha akaketi. Ndipo uso ukaanza kumbadilika. Akasema, "Nani anaita kuku?"

Nikasema ni maneno ya mchezo. Akafunua ukurasa wa pili, akasoma kwamba wigi alilovaa siku ya mazoezi ya kwanza lilikaa kichwani kama limepanga kwa mwezi. Akauliza kama na hilo ni la mchezo. Ameapa kwamba nywele zangu hazitaguswa tena katika saluni yake mpaka kiama.

Mwalimu yeye hakutukanwa popote, na ndicho kilichomuudhi. Karatasi ya mama wa saluni kurasa sita, ya fundi saa kurasa tisa, yake yeye nusu ukurasa. Akasema, "Nimebaguliwa." Neno moja, lakini alilirudia. Ili kumtuliza nimemwandikia onyesho zima la kupotelewa na ng'ombe, nimelitia kwenye flashi.

Nilipofika nyumbani nikaipiga ile kibodi kofi moja, na kitufe cha namba mbili, ambacho kwangu ndicho chenye alama za usemi, kikaruka nyuma ya kabati. Onyesho la ng'ombe nimeliandika kwa alama moja moja, ' badala ya ". Utajua la kufanya, au pengine hutajua.

Fundi saa alisoma karatasi yake kimya kimya, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Hilo tuliache.

Nitengenezee karatasi nyingine. Zile za kwanza nimezichukua zote nikazichoma, isipokuwa moja iliyoondoka.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi, shikamoo tena, na pole, na unisamehe.

Tuko wazima. Jino la nne limetokeza. Mama mkwe bado yupo, anakusalimu sana, na anauliza kama fundi saa amerudi kwenye mazoezi.

Nimeona kosa, na kosa ni nyota. Nyota ni mlafi, shangazi. Ukimwambia achukue kutoka alama hadi alama, haridhiki na alama iliyo karibu. Anapiga mbio mpaka mwisho wa mstari, kisha anarudi nyuma polepole akitafuta alama ya mwisho kabisa, na njia nzima hapo katikati anaimeza. Kwa hiyo mtu mwenye kauli nne katika zamu moja, nyota amebeba kauli zote nne pamoja na kila ulichoandika katikati yake. Mwalimu ana kauli moja tu kila zamu, hakuna katikati, ndiyo maana yeye alitoka msafi. Nilimjaribia mtu pekee duniani ambaye kwake mtego ule ungefanya kazi.

Dawa yake ni alama ya kuuliza, moja tu:

".*?"

Hiyo inamtia nyota adabu. Sasa anachukua kidogo iwezekanavyo, na akikutana na alama ya kwanza ya kufungia anasimama. Nimejaribu kwa mama wa saluni, hakuna kuku wala wigi. Onyesho la ng'ombe nimelitegea mtego wa namna hiyo hiyo, ila wa alama moja. Lenyewe sikulijaribu sana kwa sababu Bwana Haraka aliingia ghafla, na nikalazimika kufunika kioo cha kompyuta kwa ripoti ya mizigo.

Mpe mama wa saluni pole zangu. Na fundi saa, kama atakuja, mpe pia.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Hongera kwa jino. Baba yako ana mafua na anaugua kwa sauti.

Kwanza kabisa: mama mkwe wako amejuaje kwamba fundi saa aliondoka mazoezini? Mimi habari hiyo nilimwandikia mtu mmoja. Lijibu swali hili peke yake, usilichanganye na mengine.

Pili, karatasi za mama wa saluni ni safi. Nilimpelekea mwenyewe saluni na kumwomba radhi mbele ya wateja watatu waliokuwa chini ya vikaushio, na hawakusikia kitu, kwa hiyo ilibidi nirudie kwa kupiga kelele. Amenisamehe. Amesema hata yeye huwa anasema mambo kuhusu kichwa changu nikishaondoka.

Tatu, ng'ombe. Niliandika hivi:

'Jamani, mmemwona ng'ombe wangu?' Anachungulia chini ya meza. 'Hayumo.'

Mwalimu ameletewa hivi: Jamani, mmemwona ng. Halafu mstari wa pili: Anachungulia chini ya meza. Halafu basi. Na yule mzee, kwa kuwa nimewaambia wasiruke kitu, anaingia jukwaani, anasema "Jamani, mmemwona ng," anasubiri kidogo, kisha anatutangazia kwamba anachungulia chini ya meza, huku amesimama wima. Nilimwuliza kama haoni kuna kasoro. Akasema yeye ni mtu wa hesabu, lugha ameniachia mimi.

Kuhusu fundi saa sina la kusema. Hajaja. Kibanda chake hakijafungwa. Nikipita anainama chini ya meza kama anayetafuta skrubu, na skrubu hiyo hajaipata wiki zote hizi. Siku hizi napita upande wa pili wa barabara, ingawa mkate unauzwa upande wake. Nimefikiria kumpa dereva wa gari la taka nafasi ya Mpangaji. Ana sauti nzuri, ila anasahau hata jina lake. Mimi kwangu ni sawa tu. Fundi saa au dereva wa taka, yote ni mamoja.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Baba apone haraka, kwa faida ya majirani zake.

Nalijibu swali lako peke yake. Karatasi zile za kwanza nilizileta nyumbani kuzifunga, nikaziacha mezani. Mama mkwe akasema anazipanga. Nilipotoka kuoga nikamkuta amekaa na ile ya fundi saa, miwani imeteremka puani, mtoto analia na hasikii. Tangu hapo anasoma barua zako kabla yangu. Safari ya kurudi kwake ameiahirisha mara tatu. Anasema hawezi kupanda basi na moyo unaning'inia. Anasema pia mficha uchi hazai, na akaniagiza niliandike hilo. Nimeliandika.

Na mimi pia nilisoma, shangazi. Chai niliinywa, lakini nilisoma.

Ng'ombe nimempata. Mtego wangu ulidhani ile alama ya katikati ya jina lake ni mlango wa kutokea, ukafunga hapo, na kuanzia hapo cha ndani kikawa nje na cha nje kikawa ndani. Sasa nimeuambia hivi: alama iliyobanwa na herufi pande zote mbili ni ya ng'ombe, iachwe na ng'ombe wake. Mlango ni ile ambayo upande wake mmoja hauna herufi. Mwalimu sasa anasema kauli yake nzima.

Linalofuata sikutaka kukuandikia, lakini mke wangu amesema nisipoandika ataandika mama yake.

Fundi saa ameniletea barua. Anwani aliiona kwenye bahasha ya kifurushi. Ameandika kwa herufi ndogo ndogo zilizonyooka, nami nanakili:

"Kijana, samahani kwa kukusumbua. Nina karatasi yenu ya kwanza. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu. Mwisho wake pameandikwa: Basi mimi nakwenda. Hapa kila mara moyo wangu unataka kumwambia usiende. Kisha imekatika. Mimi kazi yangu ni vyombo vilivyosimama katikati, na siwezi kulala kikiwepo kimoja mezani. Nakuomba uniambie kilichofuata. Kama ni 'lakini nafurahi akienda', niambie hivyo hivyo, nitarudi kwenye mazoezi na kuigiza vizuri, na hatutalitaja tena."

Unaona ilivyokuwa. Nyota mlafi aliishia kwenye alama ya mwisho ya mstari, na alama ya mwisho ilikuwa inafunga lile neno lako "Usiende". Yaliyofuata yalibaki kwenye faili. Mimi ninayo na wewe unayajua: lakini mpiga chapa hasemi mahakamani.

Sijamjibu. Uliniambia vya nje ya alama ni vyako, na safari hii nitafanya nilichoambiwa.

Nimebakiwa na swali moja la kazi. Katika karatasi mpya, ile safi, "Usiende" limetokea tena, mwishoni kabisa mwa kauli za fundi saa. Limo ndani ya alama za usemi na liko kwenye mstari wenye jina lake, kwa hiyo mtego unaamini ni kauli yake. Ilivyo sasa anasema "Basi mimi nakwenda", halafu anajikataza mwenyewe. Mtego hauwezi kutofautisha neno lililosemwa na neno ambalo mtu alitamani tu kulisema. Nilitoe kwa mkono?

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Wazima? Mimi mzima.

Usimjibu. Hata neno moja.

Mama mkwe wako mwambie methali yake nimeiona, na kwamba nilishazaa watatu na kumzika mume kwa heshima zote, na sijamwomba mtu ushauri.

Ng'ombe yuko sawa. Mwalimu anachungulia chini ya meza kweli kweli na sasa hatoki bila kusukumwa.

Dereva wa taka amejaribu nafasi ya Mpangaji. Alifika katikati akauliza yeye ni nani.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mtoto amesimama mwenyewe, akaanguka, akapiga makofi. Bwana Haraka amegundua kwamba nimechapisha mchezo wa kuigiza kwenye karatasi za ofisi. Aliniita, akaufunga mlango, halafu akaniuliza: huyo fundi saa alirudi? Kumbe kurasa mbili zilibaki kwenye mashine. Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Ofisi nzima haijui.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta jibu la swali langu la kazi. Umeandika kuhusu ng'ombe, dereva na mama mkwe. Kuhusu lile neno hukuandika kitu. Hukusema nilitoe, hukusema niliache. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo lisiloandikwa halikusemwa, kwa hiyo sikuwa na amri ya kulitoa.

Karatasi za mwisho ni hizi. Ya fundi saa iko ndani ya bahasha yake, nimeifunga. Ukitaka kulikata neno hilo, kalamu unayo.

Fundi saa sikumjibu. Lakini shangazi, mtu ameuliza kwa adabu, na mwenye jibu anavuka barabara asionekane. Nakuogopa sana, unajua, ila hilo ilibidi nikuambie. Ukimwacha hivyo atakwenda kweli, na safari hiyo haitakuwa ya mchezo.

Mwanao anayekupenda


20 Juni

Mwanangu mpendwa,

Natumaini nyote hamjambo, na mtoto sasa anaanguka mara chache. Baba yako amepona na amenunua tiketi ya mstari wa mbele, ambako alikaa akawaeleza waliokaa nyuma yake yatakayotokea, bila kuyajua.

Bahasha ya fundi saa niliishika siku mbili na kalamu mkononi. Sikuifungua. Nilimpa mama wa saluni aipeleke. Baadaye aliniambia fundi aliipokea kwa mikono miwili na hakuuliza lolote.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, kazi yangu kumnong'oneza atakayesahau. Nilikuwa sijui kama fundi saa atakuja. Dereva wa taka alikuwa amekaa pembeni na nguo za Mpangaji. Halafu nikaona viatu vya fundi vimepigwa rangi, na dereva akavua koti kwa furaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akivuliwa cheo.

Mchezo ulikwenda vizuri. Mama wa saluni alipandisha sauti palepale nilipomkataza, na watu wakampigia makofi. Mwalimu alimtafuta ng'ombe mpaka chini ya viti vya watazamaji, na mama mmoja akainua miguu kumpisha.

Ikafika mwisho. Fundi saa akasema nguo zake amezifunga. Akatazama mlango. Akasema, "Basi mimi nakwenda." Hapo anatakiwa kutoka, na hakutoka. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza: toka. Hakutoka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi, akavaa miwani yake, akaisoma mbele ya watu wote hao bila haraka yoyote. Kisha akageukia pazia nilipo mimi, akasema, "Hapa kuna neno moja limebaki, na si langu. Mwenyewe aliseme."

Mwanangu, nimekaa katika chumba cha mahakama nikiandika watu wakila viapo, wakilia, wakitukanana, na miaka yote hiyo hakuna neno langu hata moja lililoingia kwenye kumbukumbu. Nilikuwa nalionea fahari jambo hilo. Sasa nimekaa nyuma ya pazia, vidole vinatafuta vitufe juu ya magoti yangu, na ukumbi mzima unasubiri. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile hata siku niliyokula kiapo cha kazi.

Nikasema, "Usiende."

Lilitoka pamoja na kikohozi. Fundi saa akasema hakusikia vizuri. Alisikia, yule mtu anasikia saa ya mkononi ndani ya kabati. Nikasimama, nikalivuta pazia kwa mkono huu huu mbovu, nikalisema tena nikimtazama.

Akaketi pale pale, juu ya sanduku la Mpangaji, akavua miwani na kuipangusa. Wakati huo zamu ya mwalimu ilikuwa imefika, na karatasi yake ina kauli moja ya kufunga mchezo. Akaingia, akamtazama fundi saa aliyeketi, akanitazama mimi niliyesimama na pazia mkononi, akawageukia watu, akasema, "Amekwenda." Yeye si mtu wa kubadilisha kilichoandikwa. Ukumbi ulicheka mpaka taa zikawashwa, na watu wengi wanaamini ndivyo nilivyoupanga.

Watu walipokwisha kutoka, fundi aliniuliza kama nililisema kwa ajili ya mchezo au kwa ajili yangu. Nilimjibu. Nilichomjibu hutakiona kwenye faili lolote, kwa hiyo usitege mitego yako.

Tumechagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane kuwa siku ya ndoa. Njoo na mkeo na mtoto. Mama mkwe naye aje, nimemtengea kiti karibu, asikie mwenyewe badala ya kusoma barua za watu. Bwana Haraka akitaka, aanze safari mapema.

Naandikia mezani, na fundi saa yuko sakafuni pale sebuleni. Ameifungua redio yangu, ameitandaza vipande vipande juu ya gazeti, anasema itamchukua siku kadhaa kuiweka sawa. Haikuwa mbovu, lakini nimemwacha aendelee.

Shangazi yako